Webley Mk VI kwa dola 1,100: bei halali au napigwa?

Kijukuu_Dallas: Habari za jioni wakuu. Niko Texas. Kuna bastola ya zamani ya Kiingereza, Webley Mk VI, ya silinda, inauzwa dola 1,100. Mpini mzima, inafunguka vizuri, chapa ya 1914. Muuzaji anataka jibu Jumamosi. Inafaa?

Fundi_Mitutu: Bei haisomwi kwenye mpini. Nyuma ya silinda imechongwa? Nyingi zilizoingia Marekani zilipunguzwa pale ili zikubali risasi za .45 ACP, za kawaida kule, maana .455, risasi zake za asili, zilikuwa adimu. Na namba za fremu, mtutu na silinda zinafanana?

Bint_Mrima: Kaka, silaha ndani ya nyumba ya nini? Hela hizo si tofali za msingi mzima Bagamoyo?

Kijukuu_Dallas: Namba zote tatu zinafanana. Silinda sijui.

Mkaguzi: Kwenye boksi kuna vyuma vyembamba vya duara, vya kushikia risasi sita kwa pamoja?

Kijukuu_Dallas: Vipo viwili. Kasema ni zawadi.

Fundi_Mitutu: Zawadi 😂 Imechongwa hiyo. Weka ganda tupu la .455, funga: likicheza mbele na nyuma, jibu umepata. Silinda isiyochongwa haifungi kabisa ukiweka .45 na hicho chuma chake.

Kijukuu_Dallas: Lakini .45 ipo kila duka, si faida hiyo? Halafu nimeshaacha advansi ya 300.

Fundi_Mitutu: Ungeanza na hilo. .45 ACP ya dukani inaruhusiwa kufika presha ya psi 21,000. Webley ilijengwa kwa .455, presha yake ndogo mno. Silinda hupata ufa. Na chuma kilichokatwa hakirudi, ndiyo maana wakusanyaji wanakata bei. Isivuke 700.

Pweza: Angetafuta Webley ya zamani zaidi, iliyotengenezwa kabla ya 1899. Sheria ya shirikisho inaihesabu ya kale, makaratasi machache.

Mzee_wa_Chai: Wakuu mnajaziwa chai na mnakunywa tu. Mk VI ilianza 1915. Hiyo 1914 imetoka wapi? Uzi wa kutunga huu.

Mkaguzi: Au ni Mk V, toleo la kabla yake, na hapo hesabu inageuka, zile ni chache. Mk V mpini umejikunja kama mdomo wa kasuku, mtutu kwa kawaida inchi 4. Mk VI mpini una pembe chini, inchi 6.

Kijukuu_Dallas: Una pembe, inchi 6. 1914 aliniambia muuzaji. Kwenye picha nikikuza nasoma 1917. Sijatunga kitu.

Mzee_wa_Chai: Kwa hiyo hajui anachouza, na 300 anazo.

Mkaguzi: Jumamosi hakikisha kwanza haina risasi. Vuta nyundo, bana kifyatulio, jaribu kuzungusha silinda: isicheze. Shika mtutu, tikisa juu na chini. Bawaba ikilegea, punguza bei. Mulika ndani utafute vishimo vya kutu. Chuma kinang'aa lakini herufi zimefifia? Imepakwa upya, punguza tena. Na mnadani angalia bei zilizolipwa, achana na zinazoombwa.

Kijukuu_Dallas: Akigoma kurudisha 300?

Fundi_Mitutu: Risiti unayo?

Kijukuu_Dallas: Tuliandikiana WhatsApp tu.