Riwaya ya wanaakiolojia: hatari gani ndani ya magofu inaaminika?

WinoMbichi
Wakuu, naandika riwaya ya kusisimua. Wanaakiolojia watatu wanafungua chumba cha chini ya ardhi kilichozibwa miaka 2,000. Rasimu ya kwanza ina mishale ya sumu inayofyatuka ukutani. Mhariri kanicheka. Niweke nini pale ili msomaji asisinzie?

MwikoNaBrashi
Mishale toa. Kamba na mbao huoza mapema mno.

Hatari ya kweli ni hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Vipimo vya hewa hupiga kelele ikishuka chini ya 19.5. Vitu vikiozea ndani hula oksijeni na kuacha hewa ukaa, ambayo ni nzito na hutuama chini. Kwa hiyo aliyesimama bado anaongea, aliyeinama kuokota kigae ndiye anayeanguka. Mwenzake akikurupuka kumwinua, naye chali. Hiyo sura nzima umeshapata.

Mwanaakiolojia Howard Carter alipotoboa tundu kwenye mlango wa kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri, Novemba 1922, alitanguliza mshumaa kupima hewa mbaya. Ila mshumaa hauoni kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini. Jenereta ikinguruma karibu na mdomo wa shimo, moshi unaingia chini na watu wanalegea huku mwali unawaka vizuri tu.

VigaeTu
Usisahau ukuta wa shimo. Udongo wa mita moja ya ujazo una uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Chukua shimo la mita 2 lisilo na mbao za kuegemeza, kifusi kimerundikwa ukingoni, mvua imenyesha usiku. Dalili ni ufa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo, kisha vibonge vinaanza kudondoka. Aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kufa kichwa kikiwa nje: kila akitoa pumzi udongo unabana, kifua hakipanuki tena.

Ukitaka mbio dhidi ya saa, soma kuhusu sanamu za kale za askari wa udongo wa Xi'an, China. Rangi zao zikikutana na hewa kavu hujikunja na kubanduka ndani ya dakika chache.

Tabaka_la_Saba
Na tafadhali, shujaa asipime umri wa jiwe kwa kaboni 14! Kipimo hicho ni cha vilivyowahi kuishi: mkaa, mfupa, mbegu. Mwisho wake ni miaka 50,000 hivi, na jibu hutoka maabara, si papo hapo. Shimoni watu husoma tabaka za udongo na vigae. Kifuniko cha chupa ya plastiki kikikutwa chini ya sakafu "isiyoguswa", ama kuna aliyewatangulia, ama ni panya kakishusha kwenye tundu lake. Waache wabishane.

WinoMbichi
Jenereta nimeichukua. Aiweke msaliti au mzembe?

MwikoNaBrashi
Mzembe. Msaliti mpe kalamu: abadilishe namba kwenye mifuko miwili ya vielelezo. Kitu kisichojulikana kimetoka tabaka gani hakithibitishi chochote, na hakuna atakayegundua hadi shimo limeshafukiwa.