Nimebadilisha nusu ya maji na sasa samaki wanahema juu

Nyota_Katindo

Bandugu, naomba msaada wa haraka. Tangi ni la lita 120, niko Goma. Ndani kuna samaki wadogo wa mapambo: gapi 12, plati 5 na koridora 4. Miezi saba yote nimetumia maji ya mvua ya siterne (tangi la kuhifadhi mvua). Kiangazi kimekausha siterne, kwa hiyo leo asubuhi nimetoa lita 60 na kuweka bidoni tatu (madumu ya lita 20) za maji ya ziwa. Dakika 40 baadaye samaki wote walikuwa juu wanahema, matamvua mekundu, koridora wanaruka-ruka kama wamechomwa.

Vipimo vya matone (pH ni asidi ya maji, chini ya 7 ni asidi; amonia na nitriti ni sumu za uchafu wa samaki, miligramu kwa lita): jana pH 6.5, amonia 4, nitriti 0. Leo saa nne pH 8.5, amonia 2, nitriti 0. Joto 25.

Kinachonishangaza ni kwamba amonia imepungua nusu, kama ilivyotakiwa. Sasa mbona jana yenye 4 walikuwa wanakula vizuri, na leo yenye 2 wanakufa? Nitoe na ile nusu iliyobaki niweke maji ya ziwa tupu?

Himbi_Majini

Dada, usiongeze hata kikombe cha maji ya ziwa tupu. Kwanza pampu ya hewa iwe wazi kabisa, chakula hakuna, taa zima. Halafu soma hapa.

Kipimo chako kinasoma amonia yote kwa jumla, lakini ndani ya maji inakaa kwa sura mbili. Moja ni amoniamu, ambayo samaki anaivumilia. Nyingine ni amonia huru, na hiyo ndiyo inayochoma matamvua. Anayeamua ngapi iwe sura gani ni pH, na joto kidogo. Kwa nyuzi 25, kwenye pH 6.5 amonia huru ni kama asilimia 0.18 tu ya jumla. Kwenye pH 7 ni 0.6, kwenye pH 8 ni 5, kwenye 8.5 ni 15, na kwenye pH 9, ambayo ndiyo pH ya Ziwa Kivu juu juu, ni 36.

Fanya hesabu. Jana: 4 mara 0.18% ni miligramu 0.007 kwa lita. Leo: 2 mara 15% ni miligramu 0.30. Umepunguza jumla nusu, sumu yenyewe imepanda zaidi ya mara arobaini. Kuanzia 0.05 samaki anaanza kuumia; 0.30 inaweza kuua wadogo. Ukimalizia na maji ya ziwa tupu, jumla itashuka hadi 1 lakini pH itasogea karibu na 9, na utabaki na ile ile 0.30 au zaidi, pamoja na mshtuko mwingine wa chumvi.

Hiyo 4 ya jana nayo haikutoka hewani. Maji ya mvua hayana bikaboneti, ile chumvi inayozuia pH kuanguka, yaani KH yake (kipimo cha bikaboneti) ni karibu sifuri. Bakteria wa kichujio wanapokula amonia wanatumia bikaboneti hiyo. Ikiisha, pH inaporomoka, wao wenyewe wanalegea, na amoniamu inajikusanya polepole bila samaki kuonyesha lolote. Tangi lilionekana zima kwa sababu pH ilikuwa chini. Ulikuwa umekalia baruti, maji ya ziwa yakaleta kibiriti.

Cha kufanya sasa: watoe samaki, usihangaike kusafisha tangi. Maji laini, yaani ya mvua, ni haba kiangazi hiki na beseni linakula machache. Tafuta kwa jirani bidoni moja ya maji ya mvua. Chukua beseni la plastiki la lita 40 au zaidi, lisilowahi kuona sabuni ya kufulia. Weka lita 20 za mvua na lita 20 za ziwa, ndiyo mchanganyiko ule ule samaki walio ndani yake sasa hivi, kasoro amonia. Hakikisha joto linalingana. Kata theluthi ya sponji ya kichujio chako uiweke humo na jiwe la hewa juu yake. Wahamishe kwa wavu, usimimine maji ya tangi. Funika na neti, gapi wanaruka.

Tangi liache liendelee kuzunguka bila samaki. Sasa lina bikaboneti ya kutosha, bakteria watafufuka na kuila hiyo 2 ndani ya siku chache.

Mzee_wa_Kituku

Hesabu ya Himbi ni sahihi, lakini kuna jambo hajaliuliza. Nyota, bidoni hizo zilipita pale ufukweni kwa watu wanaotia klore (klorini, dawa ya kuua vijidudu) kwa sindano? Kama ndiyo, una sumu mbili. Klore ya maji ya kunywa inalengwa ibaki kama nusu miligramu kwa lita, na mara nyingi inayotiwa ni zaidi ya hapo kwa sababu maji ya ziwa yanakula sehemu yake. Kwa mtu ni kinga ya kipindupindu. Kwa samaki, hata sehemu ya kumi ya hiyo inachoma matamvua. Koridora kuruka-ruka mapema vile kunanifanya nifikirie klore zaidi ya amonia.

Kwa hiyo lita 20 za ziwa za beseni uzitibu kwanza, vinginevyo unawatoa motoni kuwaweka kwenye kikaango. Dawa iko farmasi: vitamini C ya kawaida, kidonge cha miligramu 500. Miligramu moja ya klore inamalizwa na miligramu 2.5 ya vitamini C. Bidoni ya lita 20 yenye klore 2 kwa lita ina miligramu 40, inataka vitamini C miligramu 100. Robo ya kidonge inatosha na kubaki. Saga, yeyusha katika glasi, mimina, koroga, ngoja dakika tano. Usichukue ile inayotoa povu kwenye maji: ina sukari bandia, rangi, na vitu vingine vya kuifanya ichemke.

Ukipata thiosulfeti ya sodiamu ni bora zaidi kwa matumizi ya kila wiki. Gramu 10 katika lita moja ya maji safi. Katika hiyo tia mililita 30 kwa bidoni moja. Kuanika maji nako kunafaa, saa 24 kwenye ndoo iliyo wazi na jiwe la hewa. Bidoni iliyofungwa kifuniko inatunza klore yake, hata ikae siku mbili, na watu wengi wanajidanganya hapo.

Bahati_Ndosho

Mimi ningesema tia siki kidogo kwenye tangi, pH irudi 7, sumu igeuke amoniamu tena. Rahisi, vijiko vichache tu. Au limau.

Himbi_Majini

@Bahati_Ndosho wazo linaeleweka, kwenye karatasi linakaa vizuri. Kwenye maji ya Kivu linakuumbua. Ziwa hili lina bikaboneti nyingi mno, KH yake ni kama 35. Ukichanganya nusu kwa nusu bado ni 17 au 18. Siki inagongana na bikaboneti hiyo na kutoa gesi ya kaboni ndani ya maji ambamo samaki tayari hawapumui. pH inashuka, ndiyo, kisha pampu ya hewa inaifukuza gesi, na baada ya masaa machache pH imerudi ilikotoka. Umewapandisha na kuwashusha ngazi mara mbili bure. Kuimaliza kabisa bikaboneti ya tangi lile ungehitaji karibu lita nzima ya siki ya asilimia 5.

Na tusisahau tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 hapa yanabeba oksijeni kama miligramu 7 kwa lita hata yakijaa, pale Mombasa yangebeba zaidi ya 8. Samaki wa Goma hana akiba ya kuchezea.

@Mzee_wa_Kituku aksanti, la klore nilipaswa kuliuliza mimi kwanza.

Nyota_Katindo

Aksanti sana wakubwa. Ndiyo, bidoni zilitiwa klore pale pale ziwani. Jirani amenipa bidoni mbili za mvua. Beseni liko tayari, bidoni ya ziwa imepata robo kidonge. Samaki 18 wamehama, gapi watatu wamekufa. Saa moja baadaye wameshuka chini, wanahema polepole, koridora wametulia. Beseni: pH 8.4, amonia haionekani.

Maswali matatu. Beseni likae siku ngapi? Umeme ukikatika usiku nifanye nini? Na kichujio nikioshe?

Himbi_Majini

Kichujio usikioshe. Hasa usikioshe kwa maji yenye klore, utaua bakteria ambao ndio unawasubiri.

Beseni: kila jioni toa lita 12, rudisha lita 12 za mchanganyiko ule ule, nusu kwa nusu, ukiwa umetia vitamini C kwenye sehemu ya ziwa. Mimina kwa mrija mwembamba wa hewa uliofungwa fundo ili uteremke taratibu. Siku mbili za mwanzo hakuna kula. Siku ya tatu punje chache, wanachomaliza kwa dakika moja. Pima amonia asubuhi na jioni. Kwenye pH 8.4 jumla isizidi 0.25, ikizidi, badilisha maji mara mbili kwa siku.

Tangi: pima kila siku. Amonia itashuka, halafu nitriti itajitokeza. Usiogope, ni hatua ya pili, bakteria wake ni wengine na wanachelewa kuamka. Rudisha samaki amonia na nitriti zote zikiwa chini ya 0.25 siku mbili mfululizo. Nitriti ikichomoza baada ya samaki kurudi, tia chumvi ya jikoni gramu 10 kwa lita 100, ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Kloridi ya chumvi inaizuia nitriti kuingia kwenye damu kupitia matamvua. Kiasi hicho koridora hawakioni, na iodini iliyomo ni ndogo mno kuwadhuru.

Mzee_wa_Kituku

Umeme: beseni na tangi viwe na sponji inayoendeshwa kwa hewa, pampu ndogo ya waya wa simu, na betri ya kuchajia simu. Inakula umeme kidogo mno, usiku mzima unapita.

Kama kichujio chako ni cha ndoo iliyofungwa, chunga sana. Umeme ukikatika masaa manne au zaidi, maji ya ndani yanaishiwa oksijeni, bakteria wanaanza kufa, na ukiwasha tu uchafu wote unatapikwa kwenye tangi. Ifungue kwanza, mwaga maji yake, yakinuka yai bovu suuza sponji ndani ya ndoo ya maji ya tangi, ndipo uwashe. Ukitaka nafasi zaidi ya bakteria usinunue mawe ya kichujio ya kuagiza: okota makoro, yale mepesi yenye matundu. Yapo kila uwanja tangu lava ya 2002 ipite mjini. Ponda yawe kama punje za mahindi, osha mpaka maji yawe meupe, chemsha dakika kumi.

Nyota_Katindo

Siku ya tano. Tangi: amonia 0.25, nitriti 0.5, pH 8.4. Beseni wote 18 wazima, wanakula. Nimetia ile chumvi mapema, natumaini si kosa. Kesho kutwa nikiona nitriti imeshuka nitawarudisha. Mvua ikianza tena, nirudi kwenye maji ya mvua tupu kama zamani?

Himbi_Majini

Si kosa. Lakini mvua tupu, hapana. Gapi na plati ni samaki wa maji magumu, wale koridora tu ndio wangeipenda mvua, na hata wao si kwa pH inayoanguka. Shika uwiano mmoja mwaka mzima: bidoni moja ya ziwa kwa tatu za mvua. Itakupa KH ya 9 hivi na pH zaidi ya 8 kidogo. Uingie humo taratibu, lita 20 kwa wiki, usirudie kubadilisha nusu kwa siku moja. Kiangazi kikikaribia weka pembeni bidoni sita za mvua, ndizo za miezi miwili kwa tangi lako.

KH pima kila mwezi, isishuke chini ya 5. Ukitaka kupima maji ya ziwa yenyewe, matone yatapita 30 na utamaliza chupa. Changanya mililita 1 ya ziwa na 4 za maji ya mvua, pima, zidisha kwa tano.

Na mvua ya kwanza ya msimu usiikusanye. Moshi wa volkano ya Nyiragongo unaifanya iwe kali na kubeba floridi, vumbi la kiangazi lote liko juu ya mabati, na asidi hiyo inayeyusha zinki ya mabati yenyewe. Acha mvua mbili tatu nzito zipite, ndipo uelekeze mfereji kwenye siterne.

Bahati_Ndosho

Na mtu asiye na siterne kabisa, ana ziwa tu?

Mzee_wa_Kituku

Huyo aache gapi, na neoni, samaki wa maji laini. Achukue samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika, ziwa lao nalo lina pH karibu 9, au samaki wadogo wa Kivu wenyewe. Maji ya ziwa, vitamini C, basi. Ila kwenye pH hiyo amonia ya 0.25 tu inatosha kumuumiza samaki, kwa hiyo kichujio kiwe kimekomaa wiki sita kabla ya samaki wa kwanza, na asilishe kupita kiasi.

Nyota_Katindo

Siku ya saba: amonia 0, nitriti 0.1, pH 8.4. Jana pia nitriti ilikuwa 0.2. Nawarudisha jioni hii, kwa mrija wenye fundo.