Kesho tunapitisha mradi wa visima na cheti cha mazingira hakijatoka, naombeni ushauri

Nyikani: Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, mjumbe wa bodi ya taasisi ambayo siitaji. Kesho saa nne tunaletewa mradi wa visima virefu na bomba la kuleta maji mjini, tuuidhinishe. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira nimekaa nayo wiki nzima, cheti bado. Mwenyekiti anasema tupitishe "kwa masharti", cheti kitafuata. Nikikataa nitaonekana nawanyima wananchi maji. Usingizi sina.

Mama Zabibu: Pitisha mwanangu. Mtaani kwetu maji ni ya mgao, naamka saa tisa usiku kukinga ndoo. Mjukuu anaenda shule hajaoga.

Msema Pole: Kifungu cha 81 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinataka tathmini ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharamiwa. NEMC, baraza la taifa la mazingira, inaipitia ripoti kwanza ndipo cheti kitoke. Mkipitisha kesho hela ikatoka, hayo masharti atayasimamia nani? Ripoti yenyewe inasemaje?

Nyikani: Sura ya mimea imetaja mikoko. Mradi uko upande wa Bahi, huku huku Dodoma, mbali na bahari.

Fundi Bomba: Mikoko Bahi! Hiyo wamenakili ripoti ya Pwani wakasahau kufuta. Mimi niliwahi kuwa kibarua kwenye kisima kijiji kimoja cha Chamwino. Maji yalitoka chumvi mpaka ng'ombe wakayakataa. Wazee wa pale walikuwa wanajua siku zote, hakuna aliyewauliza.

Kisima cha Kale: Mimea waachie wengine. Angalia wamekokotoaje maji yanayorudi ardhini. Makutupora, kwenye visima vinavyotegemewa na jiji hili, vipimo vya miaka 55 vilionyesha kuwa maji ya chini hayajazwi kila masika. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa, na uliozidi yote ni ule wa El Niño wa 1997/98. Katikati, kina kinashuka tu. Kama ripoti imechukua wastani wa mvua wa mwaka ikadhani ardhi inajazwa sawa kila mwaka, visima vyenu vitakauka bomba likiwa bado jipya.

Nyikani: Wamechukua wastani.

Msema Pole: Nyikani, mwenye hoja nzito hivyo hakosi usingizi. Kuna nini kingine?

Nyikani: Bomba linapita shamba la mke wangu. Eka nne, limeshathaminiwa kwa ajili ya fidia. Lakini alirithi kwa baba yake, langu halimo. Na mwenyekiti nimeshamwambia niko pamoja naye. Bomba lingepita pale hata nisingekuwa kwenye bodi.

Mama Zabibu: Kumbe. Mimi nilidhani unatupigania.

Ng'ombe Watatu: Hii ni chai. Mikoko Bahi, shamba la mke, na vyote vinajitokeza usiku mmoja kabla ya kikao? Tupia picha ya ukurasa.

Nyikani: Picha siwezi, kila nakala ina namba ya mjumbe. Ila mwisho wa ripoti kuna orodha ya waliohudhuria mkutano wa kijiji. Sahihi za ukurasa wa pili zote ni mwandiko mmoja, na wino umevujia upande wa nyuma kwa namna ile ile. Chai ningeipika tamu zaidi ya hii.

Ng'ombe Watatu: Bado nataka picha.

Msema Pole: Mimi namwamini. Kesho kabla ajenda haijasomwa tamka maslahi yako, hakikisha yameingia kwenye kumbukumbu, kisha toka nje. Shamba la mke ni maslahi yako, hilo usibishane nalo. Mikoko, wastani wa mvua na sahihi, mwandikie katibu usiku huu.

Nyikani: Nikitoka akidi haitimii.

Kisima cha Kale: Basi kikao kiahirishwe.

Mama Zabibu: Na ndoo zangu?

Kisima cha Kale: Mama, visima vikikauka utaamka saa tisa na hutakuta hata hayo ya mgao.

Nyikani: Barua kwa katibu naiandika sasa. La shamba, nipeni nafasi niongee kwanza na mama watoto.