Je, Karen Blixen alijitolea kweli vitani mwaka 1914?

Mpenda Historia
Ndugu zangu, nimesoma kumbukumbu za Karen Blixen kuhusu maisha yake Kenya, na sura iliyonikaa zaidi akilini ni ile fupi anayoeleza jinsi alivyoongoza mikokoteni ya maksai kuvuka nchi ya Wamasai, akiwapelekea chakula na vifaa watu waliokuwa wakilinda mpaka wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alikuwa baronesi, mzaliwa wa Denmark, nchi ambayo haikuwa upande wowote katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliingiaje katika kazi hiyo, na je, ni haki kumwita mtu aliyejitolea?

Mkazi wa Ngong
Ndugu, ubaronesi aliupata kwa ndoa, kwani Januari 1914 aliolewa Mombasa na Bror von Blixen-Finecke, kabaila wa Sweden, nchi ambayo nayo haikushiriki vita. Vita vilipozuka Agosti, mumewe alijiunga kwa hiari na kikosi cha upelelezi cha Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kiingereza, na mama huyu akabaki shambani akisikia habari kwamba wanawake wa Kizungu wangekusanywa mahali pamoja kwa usalama wao. Hakutaka kabisa kufungiwa hivyo, akahamia Kijabe, kwenye njia ya reli. Barua ya mumewe ya kuagiza mizigo ilipomfikia, alimtafuta kijana mmoja wa Kizungu aongoze msafara, lakini kabla ya kuondoka kijana huyo akakamatwa kwa kudhaniwa kuwa Mjerumani. Hapo ndipo alipoamua kwenda mwenyewe, na kazi hiyo ikachukua miezi kadhaa. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja simba waliwavamia maksai, na kwa kuwa bunduki zilikuwa zimefungwa ndani ya mizigo, akawafukuza kwa mjeledi wa kuswagia. Kwangu mimi huko ni kujitolea, kwa sababu hakuna aliyemwamuru.

Msomaji wa Barua
Naafikiana na Mkazi wa Ngong, ila kuna jambo moja la kuongeza. Katika meli iliyomleta Mombasa alisafiri pamoja na Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa akienda Dar es Salaam kuongoza majeshi ya Wajerumani, wakawa marafiki, hata Karen akakubali kumtafutia Lettow-Vorbeck farasi. Miezi michache baadaye rafiki huyo akawa adui mkuu wa Waingereza, na walowezi wakaanza kumshuku mama huyu kuwa anawapenda Wajerumani. Naona basi msafara ule ulikuwa pia njia ya kusafisha jina lake, na hilo halipunguzi ushujaa wake hata kidogo. Isitoshe, damu ya askari ilikuwamo katika familia: baba yake, Wilhelm Dinesen, mwandishi na afisa wa jeshi, alipigana upande wa Ufaransa mwaka 1870, na Thomas, mdogo wake Karen, alitunukiwa Nishani ya Victoria, tuzo ya juu ya ushujaa ya Waingereza, akiwa katika jeshi la Kanada. Barua alizowaandikia ndugu zake tangu 1914 hadi 1931 zimechapishwa, na mtu akitaka kumfahamu kabla hajajiita Isak Dinesen, jina lake la uandishi, aanzie humo.

Mjukuu wa Mpagazi
Shikamooni wakubwa. Ushujaa wa mama huyu siubishi, lakini naomba tusiwasahau waliotembea naye. Alisafiri na Farah Aden, Msomali aliyekuwa msaidizi wake mkuu, pamoja na vijana wa Kikuyu waliowafunga maksai nira alfajiri na kuwafungua jioni. Yeye aliweza kukataa kwenda na asiulizwe na mtu. Sidhani kwamba kijana aliyeishi katika shamba la Mzungu alikuwa na nafasi hiyo. Kuanzia mwaka 1915 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume kwa sheria kubeba mizigo ya jeshi, na wapagazi wa upande wa Waingereza wakafikia takriban milioni moja, ambao zaidi ya 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa maradhi na utapiamlo. Mpenda Historia, jibu langu ni kwamba baronesi alijitolea. Wale vijana wa mikokoteni siwezi kuwaita hivyo mpaka nione ushahidi kwamba waliulizwa.