Tanki la lita 5,000 juu ya slebu: itahimili?

kibada_mjenzi
Wakuu, habari za leo. Nyumba ni ya ghorofa moja, Kigamboni, juu haina paa, ni slebu tupu. Unene sm 15, nondo za mm 12 kila sm 20, pande zote mbili. Chumba cha chini yake ni m 3.6 kwa m 4.2. Tayari kuna tanki la lita 2,000 pembeni, ila maji yanatoka kwa mgao na hayatoshi. Nataka kuongeza la lita 5,000 katikati ya slebu, lisionekane kutoka barabarani. Fundi anasema slebu hiyo inabeba hata gari. Nimwamini?

nondo_na_ringi
Gari dogo ni tani moja na nusu hivi, tena uzito umegawanyika kwenye magurudumu manne yaliyoachana. Tanki lako likijaa ni tani tano na ushee ndani ya duara la m 1.8.

Usihesabu lita, hesabu kina cha maji. Kila mita moja ya kina ni tani 1 kwa mita ya mraba, tanki liwe jembamba au pana. La 5,000 lina kina cha karibu m 2, maana yake kilo 2,000 kwa kila mita ya mraba chini yake. Slebu ya makazi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 za watu na vitu kwa mita ya mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Chumba chako ni mita za mraba 15, kwa hiyo slebu nzima ilitengewa kama tani 2 na robo, tena zikiwa zimetawanyika. Wewe unaweka zaidi ya mara mbili ya hizo, palepale katikati inapopinda zaidi.

Na usidanganywe na hoja ya "mbona watu 40 walicheza ngoma juu na haikuanguka". Wale waliondoka usiku uleule. Zege likibeba mzigo wa kudumu huendelea kupinda kidogo kidogo kwa miaka.

zege_bichi
Naongezea: hizo "mm 12 kila sm 20" ni za kwenye mchoro. Za juu, pale slebu inapopita juu ya bimu, zilibaki juu kweli? Siku ya kumwaga, vibarua wanapita na ndoo na toroli juu ya nondo, zinalala, na kama viti (vile vyuma vilivyopindwa vya kushikilia nondo za juu) havikuwekwa hakuna wa kuzinyanyua. Nondo iliyotakiwa iwe sm 2.5 kutoka juu ikizama hadi sm 8, nguvu ya slebu pale inashuka karibu nusu. Kagua uso wa juu: ufa unaofuata mstari wa bimu ni dalili mbaya. Kama mna picha za siku ile, zitafute.

Kuvuta uzi chini ya dari na kupima kama slebu imelegea kunasaidia, ila hakuthibitishi nguvu. Inaweza kuonekana imenyooka na bado haina akiba.

kibada_mjenzi
Asanteni sana. Nguzo zipo kila kona, bimu ni sm 23 kwa 45. Je, nikilisogeza kwenye kona?

nondo_na_ringi
Afadhali, lakini tanki la m 1.8 haliwezi kukaa juu ya nguzo ya sm 23, sehemu kubwa bado italalia slebu. Ukitaka libaki juu, tumia boriti mbili za chuma za umbo la I, kina mm 200, zivuke ule upande wa m 3.6 na zikalie juu ya bimu, zikiacha sm 5 hivi bila kugusa slebu. Hapo uzito unapita kwenye bimu, nguzo, hadi msingi. Injinia aliyesajiliwa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) apige hesabu ya bimu na msingi, kwa sababu pamoja na la 2,000 unafika tani 7.

Juu ya boriti laza engo (vyuma vya umbo la L) za kupitiliza kila sm 30, kisha mbao za inchi 2 zilizobanana, au cheka pleti (bati nene la chuma lenye michoro ya kuzuia utelezi). Kitako cha tanki la plastiki lazima kikae chote. Ukiacha mapengo plastiki inazama katikati ya vyuma na kupasuka, mara nyingi karibu na mdomo wa bomba la kutokea.

mama_bomba
Mimi ningeweka la 5,000 chini, juu ya jamvi la zege sm 15 kwenye udongo ulioshindiliwa, na pampu ndogo ya kupandisha kwenye lile la 2,000. Utahifadhi maji yaleyale bila kuongeza hata kilo moja juu. Lile la 2,000 nalo likague, maana lina kilo kama 1,500 kwa mita ya mraba. Lisogeze liwe juu ya bimu, karibu na nguzo.

Weka boya la kufunga maji tanki likijaa, na bomba la maji yanayozidi lipelekwe hadi chini kabisa, lisimwagie kwenye slebu wala kwenye mguu wa nyumba. Hewa ya Kigamboni ina chumvi, na slebu inayolowa kila siku nondo zake hushika kutu, zinavimba, zege linabanduka kwa chini. Tanki la juu lifunge kwa kamba kwenye vyuma vinne, likiwa tupu upepo wa baharini unalibeba.

kibada_mjenzi
Mama, nimekuelewa. Pampu ya nguvu ngapi kwa ghorofa moja?

mama_bomba
Nusu hospawa inatosha, kimo chako hakifiki m 10. Weka na swichi ya boya kwenye tanki la chini, pampu isizunguke bila maji ikaungua.