Tupeane uzoefu: nyota anaibeba timu, timu haibebeki

Mleta mada
Wakuu, hasa mnaofundisha, tulichambue hili. Nyota anafunga kila wiki, timu inapigwa, mwishowe anatupa mikono hewani kila pasi ikipotea. Watu wanasema ana kiburi. Mimi naona chanzo ni cha kiufundi, na kinatibika mazoezini. Leteni mifano na dawa.

Mdau wa kikapu
Russell Westbrook wa Oklahoma City, ligi ya NBA Marekani, msimu wa 2016-17: pointi 31.6, rebaundi 10.7, asisti 10.4 kwa mechi. Mechi ya 5 ya mtoano na Houston alitia 47, Oklahoma City wakalala 105-99. Dakika 42 alizokuwa uwanjani timu yake ilishinda kwa 12. Zile 6 alizokaa benchi ikapigwa kwa 18. Mchezaji akishayaona hayo, hakubali tena kutoka, na robo ya nne miguu inagoma, mitupo inaishia mbele ya ringi.

Kwa hiyo usimpumzishe kwa mkupuo. Kwenye robo za dakika 10, mtoe ikibaki dakika 1 na nusu robo ya tatu iishe, mrudishe robo ya nne ikishakwenda dakika 1 na nusu. Timu inakaa bila yeye dakika 3 tu. Yeye, ukijumlisha mapumziko ya dakika 2 kati ya robo, anapata 5.

Na akikabwa na wawili, wenzake wasisimame kumtazama! Mmoja akimbilie mstari wa mitupo huru, wawili kona za chini, pasi itoke kabla mtego haujafunga. Hapo mna wanne dhidi ya watatu. Fanyeni zoezi hilo dakika 10 kila siku, nyota akiwa amekabwa kwelikweli.

Mpenda soka
Kwenye soka tazameni Harry Kane, mshambuliaji wa Tottenham, Ligi Kuu ya England 2020-21. Aliongoza ligi kwa mabao, 23, na kwa asisti, 14. Tottenham wakamaliza nafasi ya 7. Alikuwa anashuka hadi katikati kutafuta mpira, kwa sababu asipoufuata haumfikii.

Namba tisa wako akianza kushuka hivyo, usimkaripie, angalia viungo wako wako wapi. Wakiwa zaidi ya mita 15 nyuma yake, kila mpira anaoutuliza anautuliza peke yake, mgongo kwa goli, mabeki wawili kisogoni. Pandisha viungo wawili. Yeye akishuka, winga mmoja aingie nafasi aliyoiacha, papo hapo, maana beki akishageuka umechelewa.

Mleta mada
Hiyo ya winga ni kweli kabisa, Son, winga wa Tottenham, alikuwa anaifanya. Je, nyota ambaye hakabi?

Mpenda soka
Mpe mtu wa kukimbia kwa niaba yake. Messi alitangaza kuachana na Argentina 2016 baada ya kufungwa fainali na Chile kwa penalti. Alirudi, na timu iliyobeba Copa America 2021 na Kombe la Dunia 2022 ilikuwa na kiungo De Paul upande wake, anakimbia kwa ajili ya wawili.