Nataka kuwatengenezea wanangu hema la kuchezea ndani, nyumba ni ya kupanga. Nianzie wapi?

MamaWaTudor
Assalaam alaykum jamani. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka minne na mwengine sita. Tangu mvua hizi za mwezi wa tano zishike kasi hawatoki nje, na nikiwanyima simu ni vilio. Juzi walichukua shuka wakalitandaza juu ya viti viwili, wakakaa humo mpaka adhuhuri kwa amani kabisa. Kisha kiti kimoja kikapinduka. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia, lakini ndipo nikaazimia kuwatengenezea hema lenyewe, wawe na mahali pao.

Hali yangu ni hii: tuko orofa ya tatu, sebule si kubwa, sakafu ni ya vigae, na mwenye nyumba hataki kuona msumari ukutani. Usiku lazima likunjwe, maana mdogo wangu hulala hapo hapo sebuleni. Cherehani ninayo, kushona najua. Mbao ndizo sizijui. Nimetenga shilingi elfu mbili. Yale ya dukani ni ya nailoni, na kwa joto letu hili naogopa watoto watachemka humo ndani. Nisaidieni kwa mambo mawili: kitambaa gani, na nguzo za nini?

Kibokoni_Binti
Waalaykum salaam dada. Mimi sikutumia nguzo. Nilichukua chandarua cha duara nikakitundika kwenye ndoana ya dari, chini nikatandika mkeka na mito. Hewa inapita, na mbu hawaingii. Hilo la mbu ni muhimu, kwa sababu mbu wa dengue na chikungunya huuma mchana, saa hizo hizo watoto wanazocheza.

MamaWaTudor
Shukran dada. Kwangu dari ina ndoana moja tu, nayo ndiyo iliyoshika feni.

FundiMbao
Hapo pa feni usiguse, dada. Ndoana ile imewekwa kubeba feni, haikuwekwa kuvutwa na watoto wawili. Na hata mahali pengine, kitu cha kuning'inia mtoto atakivuta tu, ndiyo tabia yao. Hema la watoto lisimame chini kwa miguu yake lenyewe.

BibiWaMajengo
Mwanangu, kitambaa unacho nyumbani. Tumia leso, hizi kanga za kujifunga. Ni pamba, inapitisha hewa, na ikichafuka unafua asubuhi, jioni imekauka. Usinunue mpya kama bajeti ni ndogo, leso iliyofuliwa sana ndiyo laini zaidi. Nailoni wachana nayo: haipumui, na ikishika moto huyeyuka ikaganda kwenye ngozi. Na chandarua cha dawa cha kulalia kiacheni kitandani, watoto wasikifanye cha kuchezea na kukitia mdomoni.

Baba_Likoni
Kwa nguzo nakushauri fito. Nenda kwa wauza miti, chukua nne au tano nyembamba za urefu wa kimo cha mtu mzima, zifunge juu kwa kamba, panua chini, zungushia leso. Kazi ya robo saa.

FundiMbao
Kaka, hiyo juu ya mchanga au sakafu ya udongo inasimama vizuri sana. Juu ya vigae miguu inateleza, na mtoto akiegemea upande mmoja yote inafunguka kama mwavuli. Tena fito zina maganda na vibanzi, kuzisafisha mpaka ziwe salama kwa mikono ya mtoto wa miaka minne ni kazi kubwa kuliko hema lenyewe. Mianzi ni mizuri, lakini isiwe mibichi, dumuzi huingia na kumwaga unga wake kila mahali.

Dada, fanya hivi. Nenda hadiwea, nunua mbao nyembamba ya inchi 2 kwa 1, futi 17, na mpini wa ufagio wa mti. Mwambie fundi yeyote wa karibu aikate mbao vipande vinne vya sentimita 125. Kila kipande akitoboe tundu moja, sentimita 12 kutoka juu, upana wa tundu utoshee ule mpini. Mpini mpelekee fundi aupimie hapo hapo, asikisie, maana mipini hutofautiana unene. Kisha piga msasa kila ukingo mpaka upitishe kiganja bila kukwaruzwa.

Vipande viwili unavipishanisha kama mkasi, mpini unapita kwenye matundu yao. Upande wa pili vivyo hivyo. Nje ya kila tundu zungusha ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli juu ya mpini na uukaze, ili miguu isichomoke. Ukiisha hapo una hema linalofunguka na kufunga. Usiku unabana miguu, unaliegemeza nyuma ya mlango.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Chini, karibu na sakafu, funga kamba kutoka mguu hadi mguu wa kila jozi, urefu wa mita moja. Kamba hiyo ndiyo inayozuia miguu isiendelee kutanuka. Bila hiyo, hata mbao iwe nzuri namna gani, hema litalala chini siku ya kwanza. Ikaze karibu na ardhi kabisa ili mtoto asijikwae, na mkeka uilalie juu. Halafu kata ndara kuukuu, gundisha kipande chini ya kila mguu. Juu ya vigae halisogei.

Kimo kitakuwa kama mita moja. Kwa umri wa wanao kinatosha kukaa, na hawatapata hamu ya kulipanda.

BibiWaMajengo
Maashallah, na vipimo hivyo leso zinaingia sawasawa. Leso moja huwa kama sentimita 150 kwa 110. Shona mbili pamoja kwa upande mrefu, mshono ukae juu ya mpini, kila upande utashuka karibu kufika chini. Zikiwa mpya, zifue kwanza peke yake kabla ya kupima, maana hurudi kidogo na kutoa rangi. Kwenye pembe nne shona vitanzi vya lastiki, uvivalishe miguuni, leso isiteleze.

MamaWaTudor
Allah awalipe kheri nyote. Nimepita Biashara Street, hapa Mombasa penye maduka ya leso, kwa ajili ya mambo mengine, nikaona nisinunue mpya, ninazo za mama. Swali: mbele na nyuma niziwekee pazia? Mkubwa anataka mlango wa kufunga.

Kibokoni_Binti
Mimi ningeacha wazi pande zote mbili. Elekeza upande mmoja dirishani na mwengine mlangoni. Miezi hii ya kusi upepo utapita ndani moja kwa moja.

FundiMbao
Naungana naye. Akishikilia, tundika kipande kifupi cha kitambaa upande mmoja, kisifike chini, umuone miguu. Lakini usiweke kamba za kufungia wala utepe mrefu. Kitu chochote kinachoweza kuzunguka shingo ya mtoto kisiwemo. Na stima ikikatika wape taa ya sola, mshumaa usikaribie leso hata kwa dakika moja. Liwe mbali na jiko na pasi pia.

MamaWaTudor
Ndugu zangu, limesimama. Fundi wa hapa mtaani amekata na kutoboa, mbao, mpini na ujira wake havikufika elfu mbili. Kushona nimeshona mwenyewe baada ya isha. Leso zinazidi mpini kidogo mbele na nyuma, zimefanya kibaraza kizuri kabisa, mwanangu mdogo anaweka viatu vyake hapo. Mguu mmoja ulikuwa ukicheza kidogo, nimeongeza ukanda wa tyubu, umetulia.

Baba_Likoni
Hongera dada. Fundi, kwa watoto watatu, mkubwa ana miaka tisa, miguu niiongeze kiasi gani?

FundiMbao
Kata sentimita 160, tundu libaki pale pale 12 kutoka juu, kamba ya chini iwe mita moja na robo. Leso mbili hazitafika chini, tafuta shuka la pamba la mitumba pale soko la Kongowea, la kitanda kikubwa. Na mbao ichukue nene kidogo, wa miaka tisa anaegemea kwa nguvu.